Utetezi wa Stoo ya Chakula

Imeenea mijini mwetu, toka Dar es Salaam hata Mombasa na Nairobi, kauli ambayo kwa wingi wa wanaoirudia imekaribia kuwa sheria, nayo ni hii: kwamba mtu mwenye akili, akaaye mahali penye duka kila pembe na soko kila mtaa, hana haja ya kuweka chakula nyumbani, kwamba fedha iliyogeuzwa gunia la mchele ni fedha iliyolala, kwamba stoo ya vyakula ni ada ya mashamba, au ni fahari ya matajiri wenye nyumba pana, na kwamba kununua unga wa leo kwa leo, mafuta ya mlo mmoja na sukari ya chai moja ndio ustaarabu wa mjini, tena ndiyo tadbiri imfaayo mtu wa kipato kidogo. Husemwa na vijana waliooana juzi, husemwa na watu wazima walioishi miaka mingi kwa mshahara, na husemwa hata na wenye elimu ya iktisadi, ambao ilitarajiwa wapige hesabu kabla ya kunena. Mimi naikataa. Naikataa kwa hesabu, naikataa kwa historia ya nchi zetu wenyewe, na naikataa zaidi kwa ajili ya chakula chenyewe, maana jiko lisilo na akiba nyuma yake hupika kile tu kilichosalia dukani saa ya magharibi.

Nianze na hesabu, kwa kuwa wapinzani wangu hujisifu kwayo. Mwenye duka la mtaani hununua sukari kwa mfuko wa kilo 50. Huufungua, akauza kilo moja moja, na katika kila kilo hupata faida ambayo ni halali yake. Kisha kilo huigawa nusu na robo, na kila agawapo huongeza kitu kidogo, maana kugawa kuna kazi, na chembe humwagika mizanini. Mwisho huifunga mafungu madogo, kila fungu la chai ya watu wawili, na hapo bei ya sukari ile ile huwa imepanda ngazi kadhaa tangu ilipotoka mfukoni. Tuseme, kwa mfano, kilo moja ni shilingi 3,000, na kilo hiyo imetoa mafungu 20 ya shilingi 200 kila moja: jumla ni shilingi 4,000. Tofauti ni shilingi 1,000, yaani theluthi ya bei ya kilo, na anayeilipa theluthi hiyo ni yule anayekuja dukani na sarafu mkononi, ilhali jirani yake mwenye mshahara wa mwezi, anayechukua kilo 5 kwa mara moja, hana habari nayo. Mafuta ya kula yana kisa kicho hicho: hutoka katika dumu la lita 20, yakapimwa kwa kikombe kisichozidi yai kwa ukubwa. Mkaa nao hushuka kutoka gunia hadi kopo, na majani ya chai kutoka pakiti hadi kijiko. Basi mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote mtaani ndiye alipaye bei kubwa kuliko wote, naye huambiwa kwamba hiyo ndiyo njia ya kubana matumizi.

Simlaumu mwenye duka. Aghalabu yeye ndiye anayeziokoa nyumba nyingi kwa kukopesha, na daftari lake la madeni limewalisha watoto wengi siku za mwisho wa mwezi. Lakini daftari nalo lina gharama isiyoandikwa ndani yake, kwamba aliyekopa pale hana tena uhuru wa kununua kwingine penye bei nafuu, wala hana uso wa kukataa mchele wenye mawe. Na deni la chakula, ambacho kimekwisha kuliwa, ni deni zito kulilipa kuliko deni la kitu ambacho bado kiko mkononi.

Kuna hesabu ya pili, ya majira, nayo wenye kauli hii hawaitaji kabisa. Mahindi hayana bei moja mwaka mzima. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ya Tanzania, ambako ghala zetu nyingi hupata nafaka, mavuno huanza kuingia mnamo Mei na kuendelea hata Agosti, na katika miezi ile mkulima huuza kwa bei ambayo humliza. Ifikapo Januari na Februari, mahindi yale yale, yakiwa hayajaongezeka uzuri wala uzito, huuzwa kwa bei ambayo sasa humliza mlaji. Kati ya machozi hayo mawili amesimama mtu mwenye ghala, naye ndiye pekee aliyefaidi. Nauliza: kwa nini kila mtu akubali kwamba kuhifadhi nafaka kutoka Julai hadi Februari ni busara ikifanywa na mfanyabiashara wa magunia elfu, na ni ushamba ikifanywa na mama wa nyumba mwenye magunia mawili?

Wakenya wanalo somo la karibu zaidi. Mwezi wa Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2, ambayo ilikuwa imefika shilingi 205, itauzwa kwa shilingi 100 kwa msaada wa ruzuku. Na yaliyofuata wakazi wa Nairobi wanayakumbuka, kwamba unga wa bei hiyo uliadimika katika rafu za maduka, na waliobahatika kuukuta waliwekewa mpaka wa pakiti. Mpango wenyewe ulikuwa wa wiki nne. Nyumba iliyokuwa na gunia moja la kilo 90, lililonunuliwa wakati wa mavuno, haikuhitaji kusimama katika msukosuko ule: aila ya watu watano wapikao ugali wa kilo moja na nusu kila jioni hula gunia hilo siku 60, wakisagisha debe kwa debe katika mashine ya jirani, tena wakila unga wenye pumba na kiini chake. Siku 60 ni wasaa mkubwa. Katika siku 60 bei hupanda na kushuka, serikali hubadilika, mtu hufukuzwa kazi na kupata nyingine.

Ama hao wasemao kwamba stoo ni ada ya mashamba, hawaijui miji yetu. Watu wa Lamu, wa Mombasa na wa Unguja Mjini walikaa katika nyumba za mawe zilizobanana, wengi wao mbali na mashamba yao au bila mashamba kabisa, na hakuna watu katika Afrika Mashariki waliozidi kuwa wa mjini kuliko wao. Nao hawakuwaza kuendesha nyumba bila akiba. Maisha yao yalifuata pepo. Kaskazi ilipovuma, tangu Disemba hadi Machi, majahazi yaliingia kutoka Ghuba na pwani ya Arabuni yakiwa na tende za Basra zilizoshindiliwa makandani, na papa na nguru wa chumvi, na samli. Kisha masika yalikuja, kusi ikashika bahari, wavuvi wenye vyombo vidogo wakakaa pwani wakitengeneza nyavu, na kitoweo kibichi kikawa adimu. Mwenye nyumba aliyengoja masika yaanze ndipo anunue papa alichelewa miezi miwili. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, nyumba ilijaza, na kununua huko kulikuwa kazi ya akili kubwa, maana ilipasa kujua ni tende za kanda lipi zitakaa na zipi zimeanza kuchachuka, na papa yupi ameliwa na chumvi hata mfupani na yupi ameanikwa kwa haraka akabaki na unyevu kando ya uti.

Ningependa msomaji aione stoo ya namna hiyo kwa macho, kwa kuwa wengi waliozaliwa katika vyumba vya kupanga hawajapata kuingia ndani ya moja. Ni chumba chembamba, aghalabu chini ya ngazi au nyuma ya jiko, kisicho na dirisha kubwa, chenye sakafu iliyoinuliwa kwa mbao ili gunia lisiguse chini. Upande mmoja pana mapipa yenye vifuniko: la mchele, la unga, la choroko na mbaazi. Juu ya rafu zimepangwa chupa za achari ya ndimu na ya embe, ambazo kwanza zilikaa juani darini hata ganda la ndimu likawa laini na rangi yake ikageuka hudhurungi. Kando yake pana mtungi wa samli, bonge la ukwaju lililokandwa na chumvi, na makopo ya iliki, mdalasini, jira, pilipili manga na karafuu, kila moja nzima bila kusagwa, maana bizari iliyosagwa hupoteza harufu upesi na nzima hukaa. Nazi kavu ziko pembeni, zisizofuliwa. Papa ananing'inia kwenye msumari, mbali na mchele, asije akautia harufu. Na funguo ya chumba hicho iko kiunoni mwa mwenye nyumba wa kike, ambaye kila asubuhi hufungua, akapima posho ya siku kwa kibaba, akafunga.

Tazama sasa chumba hicho kinavyopika. Ni usiku wa masika, mvua haijakatika tangu alasiri, njia imekuwa mto, na wageni wawili wamebisha hodi. Mwenye nyumba huchukua vipande vya papa akavitosa katika maji ya moto, akavikuna mchanga wa ngozi, akavichemsha na kumwaga maji ya chumvi mara ya kwanza na pengine ya pili. Akakuna nazi mbili, akatenga tui zito na tui jepesi. Akapika papa katika tui jepesi kwa kitunguu, bizari na pilipili, akatia ukwaju, na tui zito likaingia mwisho huku akikoroga polepole lisikatike. Pembeni choroko zimeiva. Wali umepikwa kwa mchele wa mwaka jana, ambao punje zake husimama kila moja peke yake, kwa kuwa mchele mpya una unyevu na hushikana, na kila mpishi wa pilau wa pwani hulijua hilo na huuweka mchele wake uzeeke. Chakula hicho, ambacho kinastahili kuwekwa mbele ya kadhi, kimetoka chote katika chumba kimoja, na hakuna aliyetoka nje kulowa. Kwa mtu anayenunua kwa kipimo jambo hilo ni muhali. Atafanya nini saa hiyo? Duka limefungwa, au liko wazi lakini lina mayai na mkate tu. Basi wageni watakunywa chai, na watoto watalala na mkate.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba hasara iliyo kubwa kuliko ya fedha ni hasara ya maarifa. Chakula chetu cha Waswahili, na si chao peke yao, kimejengwa juu ya vitu vikavu, vya chumvi na vya kuchachuka. Usukumani wanazo michembe na matobolwa, viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa, vingine vibichi na vingine baada ya kuchemshwa, na majani ya kunde yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi. Pwani ya kusini wana makopa ya muhogo. Ziwani wana dagaa na samaki wa moshi. Kila kimojawapo cha hivyo kina upishi wake, na upishi huo hufa pale ambapo hakuna tena mtu mwenye kitu hicho ndani ya nyumba. Binti aliyekulia katika chumba ambacho hakuna kitu ila kilichonunuliwa jioni ile hupewa urithi wa mapishi manne au matano, yale yanayowezekana kwa nyanya, kitunguu na mafuta ya kupima, na huyarudia mpaka yamchoshe, kisha akaona kwamba kupika nyumbani ni adhabu, na chipsi za barabarani ni wokovu. Wala simshutumu. Hakupewa kitu cha kupikia.

Sasa nizijibu hoja zenyewe, na ya kwanza ni ile ya kuharibika, ambayo sitaki kuipuuza kwa kuwa ina vifo ndani yake. Mwaka 2004, katika wilaya za Ukambani nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kati ya wagonjwa 317 waliojulikana, kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Na mengi ya mahindi hayo yalikuwa ya nyumbani, yamewekwa na wenyewe. Mtu akinionyesha makaburi hayo na kuniuliza kama bado natetea kuhifadhi, namjibu kwamba ndiyo, bado, na makaburi hayo yanatutaka tufundishe kuhifadhi kwa nguvu zaidi. Ukungu ule huota juu ya unyevu. Mahindi yaliyokaushwa hata unyevu wake usizidi sehemu 13 katika 100, yakawekwa mahali pakavu, hayauzai. Na njia ya kujua si lazima iwe na chombo cha thamani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi iliyoanikwa juani, funga, tikisa kwa muda, kisha acha itulie kidogo: chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka, yarudishe juani; isiposhika, yanaweza kuwekwa. Elimu hii inatosha ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la tano. Fauka ya hayo, anayenunua kilo mbili dukani hana kinga yoyote ya ukungu, maana hajui mahindi yale yalilala wapi wala kwa miezi mingapi. Na ikiwa ni unga, hata jicho lake haliwezi kumsaidia.

Na wadudu? Kweli, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alipoonekana Tabora yule dumuzi aliyetoka Amerika ya Kati, ambaye wakulima walimpa jina la Scania, majivu na majani ya mwarobaini ya wazee yamezidiwa. Lakini ipo mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni nzito ndani ya mmoja wa kusuka, iliyobuniwa katika miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni, na ambayo sasa inauzwa katika maduka ya pembejeo ya Tanzania na Kenya: hewa haiingii, mdudu aliyemo hukosa pumzi akafa, na hakuna dawa iliyotiwa ndani ya chakula. Kwa akiba ndogo hata ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, ikijazwa juu kabisa, hufanya kazi ya karibu na hiyo. Maharage yasiwekwe kupita mwaka, kwa kuwa hugoma kuiva na kula mkaa mwingi. Hayo ndiyo yote, hayahitaji shahada.

Wako wanaosema kwamba kikiwapo kinaliwa, yaani watu wa nyumbani wakijua kuna sukari watainywa, na ndugu wakijua kuna mchele watahamia. Jibu liko kiunoni mwa yule mwanamke wa pwani: kibaba na funguo. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi, na nyumba iliyopimiwa posho yake kwa kibaba ilijua siku ambayo pipa litakwisha. Anayenunua fungu la sukari hupimiwa na mwenye duka. Mwenye stoo hujipimia mwenyewe. Na ndugu akija akala, amekula chakula kilichonunuliwa kwa bei ya chini, hali jirani humkirimu wa kwake kwa chakula cha bei ya juu.

Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya dini, kwamba kuweka chakula ni upungufu wa tawakali kwa Mwenyezi Mungu, mtoaji wa riziki. Wasemao hivi wamesahau habari ya Nabii Yusuf, aliyewaamuru watu wa Misri waache nafaka katika masuke yake kwa ajili ya miaka ya ukame. Tena imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Sayyidna Umar, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Kilichokatazwa ni ihtikari, kuuficha umma chakula ili bei ipande. Na baina ya mtu anayenunua sokoni wakati wa wingi ili alishe watoto wake, na mtu anayefunga ghala wakati wa dhiki ili auze ghali, ipo tofauti ambayo sheria iliiona zamani sana.

Kwetu Tanzania tofauti hiyo iliwahi kufifia, na huenda hapo ndipo ilipozaliwa sehemu ya woga wa leo. Baada ya vita vya Uganda, madukani hakukuwa na sukari wala sabuni wala unga, ila kwa foleni. Na mwaka 1983, serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, watu waliogopa kuonekana na kitu, na wengine wakatupa usiku bidhaa ambazo hawakuwa wamezipata kwa dhuluma. Sokoine alikuwa na haki ya kupigana na walanguzi, na sina neno la kumvunjia heshima. Lakini mtoto aliyemwona mama yake akificha mfuko wa sukari kama mtu aliyeiba alijifunza kwamba chakula cha akiba ni jambo la aibu, na naamini yako mengi ya hofu ile ambayo tumeyarithi na kuyaita ujanja wa mjini.

Imebaki hoja moja, nayo ndiyo nzito. Mchukuzi wa sokoni, fundi wa kutwa, muuza karanga, hupata fedha jioni na kuila usiku. Utamwambiaje anunue gunia? Simwambii anunue gunia. Namwambia, au zaidi nawaambia wale wanaomshauri, kwamba stoo hujengwa kwa kitu kimoja kimoja, tena kwa kuanza na kile ambacho kipimo kinamwibia zaidi. Chumvi kwanza: pakiti nzima ni bei ndogo, haiozi, na kwa muda mrefu hatarudi kwa mwenye duka kuiulizia. Kisha majani ya chai. Kisha sukari, siku ya malipo mazuri, kilo kamili. Na ile tofauti ambayo angeilipa kwa mafungu iende katika chupa ya mafuta ya lita moja. Nafaka ije mwisho, na isije kwa mtu mmoja. Nyumba nne za uani zikichanga gunia la mahindi mwezi wa Julai, kila nyumba hupata zaidi ya kilo 20 kwa bei ya jumla; na wanawake wetu, ambao kwa miaka mingi wameendesha upatu na kibati kwa uaminifu ambao mabenki mengi hayana, wanaweza kuugeuza mzunguko mmoja wa mchezo wao kuwa wa mchele na maharage badala ya fedha. Yako makundi yafanyayo hivyo tayari. Waislamu wanalo pia zoezi la kila mwaka: anayenunua tende, tambi na choroko mwezi wa Rajabu hanunui pamoja na umati wa mwisho wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia na bei zikipaa.

Lakini kazi yote hiyo ni ya nani? Wanawake wasomi wameniuliza swali hili, nao wanauliza kwa haki, maana kupeta, kuchagua mawe, kuanika, kuanua mvua inapotisha, kugeuza chupa za achari, yote yalikuwa juu ya mgongo wa mwanamke, na mara nyingi juu ya mgongo wa mtumishi aliyepewa makombo. Sitetei mgawo huo. Mwanamume anayejua kuchagua tairi la gari lake aweza kujua mchele wa zamani kwa kuutia jino. Kijana wa kiume aweza kupeta maharage kama dada yake, na kuyaanika darini Jumamosi ni kazi nyepesi kuliko kutumwa dukani mara tatu kila jioni, kazi ambayo leo huwaangukia watoto gizani. Kama stoo imekuwa mzigo wa mtu mmoja, igawanywe. Kuifuta hakumpunguzii mama kitu, kwa kuwa jioni bado atapika, na atapika kwa shida zaidi.

Na wenye kujenga nyumba nao wana neno la kusikia. Katika miji yetu hujengwa kila mwaka vyumba vya kupangisha visivyohesabika, vyenye marumaru sakafuni na madirisha ya alumini, na ndani yake hakuna nafasi ya kuweka ndoo moja ya unga ila mvunguni mwa kitanda, palipo joto na panya. Mwenye nyumba husema mpangaji hahitaji stoo, kwa kuwa hana cha kuweka. Na mpangaji hana cha kuweka kwa kuwa hana pa kuweka. Stoo haitaki chumba kizima. Yatosha rafu ya zege juu ya mlango, upana wa mkono mmoja, yenye kubeba ndoo tatu na chupa sita, na tundu dogo la hewa lililozibwa kwa wavu wa chuma. Gharama yake ni saruji kidogo na nusu siku ya fundi, na mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo hawezi kusema kwamba ameshindwa nayo.